Menyu Niliyoificha kwa Heshima

Ni mimi niliyeificha ile menyu. Nimekana miaka yote: ofisini, kwenye semina, na hata kwenye sherehe ya kuniaga, nikiwa na kipande cha nyama ya mbuzi mdomoni ambacho kingetosha kuninyamazisha kama ningekuwa na akili. Ninyi wenzangu mliobaki kazini mmenisikia nikisimulia mkasa wa fundi wa Nyakanazi aliyeipoteza kamusi ya mkuu wa shule. Mmecheka. Baadhi yenu mnausimulia sasa kwa wageni kana kwamba mlikuwepo. Nawaomba mnisikilize tena, maana safari hii nitausimulia jinsi ulivyotokea.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua kwa kuwa ni hiyo hiyo yenu.

Nilifika Ngara nikitoka chuo kikuu, vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki, nikiamini kwamba wilaya nzima imekaa kitako ikinisubiri. Ofisi niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta moja. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya marehemu, na ufunguo wa chumba chake alikuwa nao mtu aliyekwenda msibani. Nikakaa kwenye benchi nje mpaka aliporudi. Kazi yangu ya kwanza kama mtaalamu wa kompyuta ikawa kutengeneza pasi ya mkuu wa idara.

"Si una digrii?" aliniuliza nilipositasita.

"Ya kompyuta, mzee."

"Kwani kompyuta haitumii umeme?"

Pasi niliitengeneza. Ikawaka vizuri sana, ikaunguza kola ya shati lake jeupe, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna aliyeniletea pasi. Hayo nayahesabu kuwa mafanikio yangu ya kwanza kazini.

Aliyenifundisha kazi ni Kaka Deusi, aliyesomea ufundi wa taipureta chuoni na kuhamia kompyuta baada ya taipureta kuisha wilayani. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakuamini neno lolote linalotoka mdomoni mwa mwenye mashine. "Kabla hujashika bisibisi," alinifundisha, "muulize alifanya nini mara ya mwisho. Atasema hajafanya kitu. Usibishane naye. Mtazame tu. Ataanza kujikuna, kisha atakwambia."

Vifaa alivyonipa ni vile vile nilivyostaafu navyo: brashi ya rangi ya kufutia vumbi jekundu ambalo huku linaingia hata kwenye ndoto, kisosi cha kuwekea skrubu, na flashi ya kuwashia mashine iliyogoma. Flashi hiyo niliifunga kwa kamba shingoni ili isiazimwe. Ilining'inia karibu na rozari yangu, zikawa zinagongana nikiinama. Deusi alinionya: "Moja ni ya kuomba, nyingine ni ya kazi. Siku ukizichanganya utajua."

Sasa niwaeleze kuhusu mashine yenyewe. Shule moja ya sekondari kule Kanazi, ambayo sitaitaja, ilipata kompyuta ya ofisini ikiwa na Windows. Kabla muhula haujaisha ilikuwa imejaa virusi vya flashi. Mnavijua: unafungua folda ya barua, unakuta folda zote zimegeuka vivuli vya folda. Niliisafisha, zikarudi. Niliisafisha tena, zikarudi na wenzao. Mwishowe nikafanya nilichoona ni akili nyingi: niliigawa diski vyumba viwili. Chumba kimoja nikaacha Windows, kwa ajili ya mhazili na barua zake. Chumba cha pili nikaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ambao virusi vile havikuujua.

Mashine yenye vyumba viwili inahitaji mtu wa mlangoni. Ni kiprogramu kidogo mno kinachokaa mwanzoni mwa diski. Mafundi wanakiita butiloda, lakini mimi nilizoea kuwafundisha watu kukiita bawabu. Ukiwasha mashine, bawabu ndiye wa kwanza kuamka. Anaonyesha menyu: Linux au Windows? Anasubiri sekunde kumi. Usipomjibu anakupeleka anakoona yeye panafaa. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na bila yeye vyumba vinaweza kuwa vizima, vimejaa mali, na mtu akasimama nje akidhani nyumba imeungua.

Mkuu wa shule ile alikuwa Mwalimu Evarist, mtu wa pale pale Ngara, mrefu, mwenye sweta la kahawia kwa majira yote. Walimu wengine wakiona ile rangi ya zambarau ya Linux walirudi nyuma kama watu walioona nyoka bafuni. Yeye aliipenda kwa sababu hiyo hiyo: hakuna aliyemwomba kompyuta. Alikuwa akiandika kamusi ya Kihangaza, lugha ya pale Ngara. Alikuwa ameianza zamani, kwa mkono, kisha akaichapa yote upya kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, akikipumzisha kwa kidole kimoja cha kushoto. Herufi L, ambayo Kihangaza hakiipendi, ilikuwa na ukurasa mmoja wenye huzuni. Herufi R ilikuwa kijiji kizima. Aliingia ofisini kabla ya kengele, akaandika maneno yake, kisha akatoka kwenda kuwachapa maneno wanafunzi wachelewaji.

Siku moja aliniita. Nilidhani mashine imegoma. Haikuwa imegoma.

"Restituta," alisema, "hii mashine yako haina adabu."

"Imefanyaje, Mwalimu?"

"Kila asubuhi nikiiwasha inaniuliza ninataka ipi. Jana niliijibu. Juzi niliijibu. Leo inauliza tena. Wewe ni binti wa huku, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mgeni akifika kwenu, mama yako anamwuliza kama atakula?"

"Hapana, Mwalimu."

"Anafanyaje?"

"Anapika, analeta."

"Ehe. Ukimwuliza mgeni kama atakula, umemfukuza kwa lugha nzuri. Na mimi si mgeni. Mimi ni mkuu wa shule."

Aibu ilinipanda. Chuo kikuu walinifundisha mambo mengi kuhusu bawabu wa diski, lakini hakuna mhadhiri aliyeniambia kwamba bawabu anaweza kumkosea mzee heshima. Na mzee alikuwa na haki. Mama yangu angenifinya shavu kama ningemwuliza mtu wa umri ule swali moja kila siku asubuhi, tena nikimpa sekunde kumi za kujibu.

Nikakaa, nikafungua faili la mipangilio ya bawabu. Palipoandikwa kumi, nikaandika sifuri. Nikaificha menyu. Kuanzia hapo Mwalimu Evarist akiwasha mashine ilimpeleka moja kwa moja kwenye kamusi yake, kimya, macho chini, kama binti aliyelelewa vizuri. Alifurahi sana. Mimi nilifurahi zaidi.

Mhazili wa shule, Adela, nilimvuta pembeni. "Wewe ukitaka Windows yako," nilimwambia, "ukiwasha tu, shikilia kitufe cha Shift. Menyu itatokea." Akatikisa kichwa, akakariri. Sikuandika popote. Deusi alinifundisha kuandika kila nilichobadili na kukibandika ubavuni mwa mashine, lakini ubavu ule ulikuwa unamtazama Mwalimu Evarist, na sikutaka asome kwamba nimeficha kitu kwa ajili yake. Heshima ikishaonekana si heshima tena. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na sentensi ilinipendeza mno kuweza kuitilia shaka.

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo. Adela naye akahamishwa, akaondoka na Shift yake kichwani. Shuleni akaja mhazili mwingine, Onesmo, mtu mwangalifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Sasa fikirieni alichokiona. Anaambiwa kompyuta ina Windows. Anaiwasha, inaingia kwenye zambarau. Anaizima, anaiwasha, zambarau. Barua za wilaya zinasubiri. Mwalimu Evarist yuko Bukoba kutibiwa macho. Onesmo akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akauliza fundi ni nani, akaelekezwa kwa Hamisi wa Nyakanazi, ile njia panda ya malori, ambaye alikuwa amekuja Ngara kwa shughuli zake. Hamisi akaja, akapiga Windows upya, akaondoka.

Windows ikiwekwa upya haiulizi nani mwingine anaishi humo. Inamwondoa bawabu wa zamani mlangoni, inasimamisha wake, na bawabu huyo anakijua chumba kimoja tu. Mwalimu Evarist alirudi kutoka Bukoba akiwa na miwani mipya, akawasha mashine, akakutana na bluu ya Windows. Hakukuwa na zambarau. Hakukuwa na kamusi.

Ni yeye mwenyewe aliyenipigia simu Biharamulo. Hakufoka. Ningependa kama angefoka.

"Restituta, shikamoo siitaki leo. Niambie kitu kimoja. Maneno yangu yapo?"

"Mwalimu, nitakuja kuangalia."

"Sikukuuliza kama utakuja."

Sikujua. Kama fundi aliifuta diski yote, kidole kile cha mkono wa kulia kilikuwa kimefanya kazi bure, na mwenye kidole alikuwa na macho yaliyokuwa yakizimika. Nakala? Alikuwa na flashi moja ya nakala, nilimpa mimi. Virusi vilipoimaliza, ilikuwa imebaki kamba.

Nilipitia Nyakanazi kwa makusudi, ingawa si njia yangu. Nilimkuta Hamisi kwenye kibanda chake kati ya nyumba ya wageni na mkaanga chipsi, simu zilizofunguliwa matumbo zimetandazwa mbele yake. Dereva wa lori alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda akisubiri yake.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepiga Windows kwenye kompyuta ya shule kule Kanazi?"

"Ndiyo mimi. Imezingua?"

"Umefuta Linux ya mkuu wa shule."

"Mimi?" Aliweka bisibisi chini. "Mimi niliitwa nikaambiwa Windows imepotea. Nikawasha, nikaona kweli, haipo. Inaingia moja kwa moja kwenye ile ya zambarau. Ningefanyaje, Madamu, niipigie magoti?"

"Ungetafuta menyu."

"Menyu gani? Hakukuwa na menyu. Menyu iko pale kwa mama ntilie."

Dereva akacheka mpaka kreti ikalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeikumbuka sifuri yangu.

"Diski uliifanyaje?" niliuliza, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Sikuifanya kitu. Nilikuta sehemu mbili. Moja imeandikwa Windows, nikaingia hiyo. Ya pili haina jina, imeandikwa tu kwamba haijulikani. Sikuigusa."

"Kwa nini hukuigusa?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini haingii vyumbani kwa watu. "Chumba usichomjua mwenyewe unaingia kufanya nini, Madamu?"

Nilitaka kumkumbatia. Kwa kutokuigusa ile sehemu isiyo na jina alikuwa ameiokoa kamusi, na alikuwa ameipiga Windows kwa sababu ya sifuri yangu. Mtu mzima mwenye haki angemwambia yote mawili pale pale. Mimi nilimwambia aache kushika mashine za shule, nikageuka, nikaenda kutafuta gari la Ngara, flashi na rozari zikigongana shingoni.

Shuleni niliwekewa kiti mbele ya mashine, na sahani ya ndizi kwa maharage ikaletwa bila mtu kuniuliza. Mwalimu Evarist alikaa nyuma yangu. Onesmo alisimama mlangoni, kalamu zote tatu mahali pake, na uso wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Nichukue nafasi hii niwape ninyi vijana kazi yenyewe, maana siku moja mtaitwa. Kwanza usiweke chochote upya. Anayeweka upya kabla ya kuangalia ni sawa na anayezika kabla ya kupima mapigo. Washa mashine kwa flashi yako, si kwa diski. Ikikubali, angalia diski ina vyumba vingapi. Nilivikuta viwili. Nikakifungua cha pili, nikaingia folda ya Mwalimu, na pale palikuwa na faili lenye jina Kamusi, zito kama jiwe.

"Ipo, Mwalimu."

Kiti chake kilisogea.

"Fungua R," alisema mwishowe.

Nikafungua. Akaisogelea skrini mpaka miwani ikaigusa, akashuka na maneno yake moja moja, midomo ikicheza. Alipofika mwisho, kwenye neno la kumsindikiza mgeni mpaka nusu ya njia, akavua miwani, akaifuta kwa sweta, ingawa haikuwa na vumbi.

Nikanakili faili lote kwenye flashi yangu. Hapo kamusi ilikuwa imepona, lakini nilikuwa bado ninaiona kupitia dirisha la flashi tu. Ilibidi nimrudishe bawabu. Hapo unakifungua kile chumba cha Linux, unaingia ndani yake kana kwamba ndicho kilichoiwasha mashine, kisha unamwandika bawabu upya mwanzoni mwa diski na kumwamuru azunguke vyumba vyote awaone wakazi. Ni amri chache. Nilizijua kwa kichwa. Nilizichapa haraka, kwa mbwembwe, nikijua nina watazamaji.

"Imekubali," nilitangaza. Nikazima, nikawasha. Zambarau! Onesmo alipiga makofi. Mwalimu alisema, "Ashukuriwe Mungu," nami nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu ambaye shukrani zimepitia kwake. Kisha nikachomoa flashi, nikaivaa shingoni, nikazima na kuwasha tena kwa ajili ya kuwaaga.

Bluu.

Nikaichomeka flashi. Zambarau. Nikaichomoa. Bluu.

"Labda imeizoea kamba yako, Madamu," Onesmo alisema kwa upole wa kuua.

Nilikuwa nimemweka bawabu kwenye flashi yangu mwenyewe. Mashine huzipa diski majina yanayofanana, hutofautiana herufi moja mwishoni, na kwa haraka ya kujionyesha nilikuwa nimechapa jina la flashi badala ya jina la diski. Nyumba ya Mwalimu haikuwa na mlinzi; mlinzi nilikuwa nimemvaa shingoni pamoja na Bikira Maria. Deusi alikuwa ameniambia nitaijua hiyo siku.

Umeme nao ukaona hapo ndipo pa kukatika. Tukasubiri jenereta iletwe kutoka stoo, na nikala ndizi zilizopoa, jambo ambalo lilinipa sababu ya kutozungumza. Ulipowaka nikarudia yote, safari hii nikisoma kila jina kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Bawabu akaingia mahali pake. Nikachomoa flashi, nikaiweka mezani mbali nami, nikawasha. Zambarau, bila msaada wa mtu.

Kabla ya kumaliza nilifungua lile faili la mipangilio. Sifuri ilikuwa pale pale. Ningeweza kuirudisha kumi, na menyu ingeonekana, na mkasa ule usingeweza kutokea tena. Lakini menyu ingetokea mbele ya Mwalimu, Mwalimu angeuliza, "Hii ilikuwa wapi?" nami ningelazimika kujibu. Nikalifunga faili kama lilivyokuwa. Kisha nikamfundisha Onesmo kushikilia Shift, kana kwamba ni ufundi mpya umeingia juzi kutoka Dar es Salaam. Akauandika kwa kalamu nyekundu, akanishukuru.

"Sasa Restituta," Mwalimu Evarist aliuliza nikiwa nakunja kamba, "hili lilikuwa kosa la nani?"

"La fundi, Mwalimu. Mafundi hawa wa njia panda."

Alinitazama kwa miwani yake mipya.

"Haya," alisema. "Ongeza maharage."

Nikaongeza.

Mengine mnayajua, kwa kuwa niliwasimulia mimi. Biharamulo nilikuwa na jina la kuchekesha semina, na fundi wa Nyakanazi akawa mtumishi wangu mwaminifu kuliko wote. Kila nilipofundisha kuhusu bawabu nilimwita. Nilimpa sauti ya puani ambayo hakuwa nayo. Nilimfanya aseme mambo ya kijinga ambayo hakuyasema, na lile alilolisema, la chumba usichomjua mwenyewe, sikulisema hata mara moja. Nilipopita Nyakanazi kwa basi nilijifanya ninatafuta kitu kwenye mkoba mpaka tulipopita kibanda chake. Mtu mzima, afisa wa halmashauri, nimezamisha kichwa kwenye mkoba. Siku moja abiria wa pembeni akaniuliza kama natapika.

Nimestaafu sasa. Nimehamia Bisibo, kwenye shamba la familia ya mume wangu, na mkwe wangu, mke wa mwanangu, ananitunza vizuri kupita kiasi. Asubuhi nikitoka nje nakuta uji wa ulezi umekaa kwenye kigoda, moto, umefunikwa. Hakuna aliyeniuliza. Wiki ya kwanza niliona raha. Wiki iliyofuata nilimwambia kwamba siku nyingine ningependa chai. Akaniambia, "Sawa, mama," akaniletea uji wenye sukari zaidi.

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa na uji huo nikiandika kumbukumbu hizi, na nilikuwa nimefika kwenye sherehe ya kuniaga, ile ya nyama ya mbuzi, nikipanga jinsi ya kuipita haraka. Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Evarist. Naye alikwisha kustaafu kitambo. Shule ilimwachia ile mashine kuukuu, naye aliipeleka nyumbani kwake Kanazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia umestaafu. Karibu kwenye kundi la wanaoletewa uji."

Nilikitazama kikombe. "Ahsante, Mwalimu. Kamusi inaendeleaje?"

"Bado niko kwenye R. Watu wa huku wana maneno. Sikiliza, nina shida na mashine."

"Imegoma?"

"Haijagoma. Nataka uirudishe ile menyu."

Mkwe wangu alikuwa anapita na beseni la nguo. Nilimsubiri apite.

"Menyu gani, Mwalimu?"

"Restituta."

"Naam."

"Adela aliniambia kabla hajahama. Alisema, Mwalimu, Madamu ameificha kwa ajili yako. Nilifurahi. Nilijisifu kwa mke wangu."

"Kwa hiyo siku ile, uliponiuliza ni kosa la nani..."

"Nilikuwa nimeshajua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unakula kwangu. Mtu anaumbuliwa akiwa anakula? Nilikuwekea maharage nikakuachia nafasi. Ukayala."

Nikamwuliza kuhusu Hamisi. Nilimwuliza kwa sauti ndogo sana hivi kwamba alinifanya nirudie.

"Hamisi nilimwambia ukweli mimi, miaka mingi iliyopita," alisema. "Simu za nyumba hii zote anatengeneza yeye, kila akija huku. Nilimwuliza kama anataka nikuite mzungumze. Akasema, mwache Madamu aendelee. Watu wa Biharamulo wanashuka kwenye basi wanakuja kumwona fundi wa kwenye semina, na wakishamwona wanakumbuka simu zao mbovu."

Nilicheka, kisha nikaona si mahali pa kucheka, kisha nikasikia naye anacheka, taratibu, kifua kikikwaruza.

"Nitakwenda kwake," nilisema. "Safari hii nitashuka."

"Shuka. Lakini kwanza njoo kwangu, nirudishie menyu."

"Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema haina adabu. Ulisema mtu haulizwi."

Nilisikia jogoo wake, na mtu akiburuta kiti kwenye sakafu.

"Nilikuwa mkuu wa shule," alisema. "Siku hizi wananivalisha sweta. Wananiletea uji. Wananitoa juani, wananirudisha juani. Wanaongea na daktari wakiwa wamenipa mgongo, kwa heshima. Tangu asubuhi mpaka jioni hakuna anayeniuliza nataka nini. Nikakumbuka ile mashine. Ilikuwa inauliza."

Nilisukuma uji pembeni, nikatafuta kalamu, kana kwamba ni kazi ngumu ambayo ningeweza kuisahau.

"Nitakuja wiki hii, Mwalimu. Ni kubadilisha tarakimu moja tu. Niiwekee isubiri sekunde ngapi? Zamani zilikuwa kumi."

"Kumi?" alisema. "Kwani ina haraka ya kwenda wapi?"